Jino Likilegea, Tafuta Sababu Kwanza

Mzee mmoja alifika zahanati asubuhi. Alikuwa ameshika taya lake kwa mkono. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Aliitika, "Marahaba mwanangu. Leo sina maneno mengi. Ning'olee meno haya matatu ya mbele. Yamelegea. Nashindwa kutafuna michembe, hata matobolwa yananishinda."

Nilitazama kinywa chake. Meno matatu yalikuwa yanatikisika, ni kweli. Lakini hayakuwa yametoboka. Hayakuwa yamevunjika. Fizi zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, na zilitoka damu nilipozigusa kidogo. Kati ya meno na fizi kulikuwa na kitu kigumu cha rangi ya manjano, kama chokaa.

Nilimwambia, "Mzee, meno yako bado ni mazima. Kinachougua ni mahali yaliposimama. Tukitibu hapo, huenda yakabaki."

Mzee alishangaa. Alidhani jino likilegea dawa yake ni moja tu, yaani kung'oa. Watu wengi wanadhani hivyo. Wengine hawaendi hata zahanati. Hufunga uzi kwenye jino na kulivuta, au humwita jirani mwenye koleo.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne. Kwanza, jino limeshikwa na nini. Pili, kwa nini jino hulegea. Tatu, matibabu yake ni yapi. Nne, ni wakati gani jino lililolegea ni dalili ya ugonjwa mkubwa ambao haungoji.

JINO LIMESHIKWA NA NINI?

Fikiri juu ya nguzo ya zizi la ng'ombe. Nguzo haisimami juu ya ardhi. Sehemu yake imo ndani ya shimo. Udongo umeshindiliwa pande zote, ndiyo maana ng'ombe wakiisukuma haianguki.

Jino nalo ni hivyo hivyo. Sehemu tunayoiona ni kichwa cha jino. Sehemu iliyojificha ni mzizi. Mzizi umo ndani ya shimo katika mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi ndogo sana zinazolishika jino. Juu ya mfupa kuna nyama laini tunayoiita ufizi. Ufizi unafunika mfupa na kuulinda.

Sasa, mvua kubwa ikichimba udongo kuzunguka nguzo, nguzo itatikisika. Nguzo yenyewe haijaoza. Kilichoondoka ni udongo. Ukiing'oa nguzo hiyo na kuitupa, umepoteza nguzo nzima bure. Tena maji yale yale yatachimba nguzo ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo jino likilegea, jiulize kwanza: je, ni jino lenyewe linalougua, au ni mahali liliposimama?

SABABU ZA JINO KULEGEA

Sababu ni nyingi, lakini hizi tano zafaa kila mtu azijue:

1. Umri wa mtoto kubadilisha meno.
2. Ugonjwa wa fizi.
3. Kuumia, kwa mfano kuanguka au kupigwa.
4. Jipu kwenye mzizi wa jino lililotoboka.
5. Ugonjwa mkubwa ndani ya taya, au sumu mwilini.

Hebu tuziangalie moja moja.

MTOTO ANAYEBADILISHA MENO

Mtoto ana meno ya utoto 20. Mtu mzima mwenye meno yote ana 32. Meno ya mbele ya chini ndiyo hutangulia kulegea, mtoto akiwa na umri wa miaka 6 au 7. Magego ya utoto hutoka baadaye, kati ya miaka 9 na 12.

Jino la utoto hulegea kwa sababu jino jipya linakuja chini yake. Mzizi wa jino la utoto huyeyuka kidogo kidogo mpaka kinabaki kichwa tu. Huu si ugonjwa. Mtoto hahitaji dawa. Mwache alitikise mwenyewe kwa ulimi mpaka litoke. Usilivute kwa nguvu likiwa bado limeshika. Likitoka, mtoto aume kitambaa safi kwa dakika chache na damu itakoma. Kama ni desturi ya nyumbani kwenu mtoto kulirusha jino juu ya paa, na alirushe.

Jambo moja la kuangalia. Mtoto akifika miaka 6 huota gego jipya nyuma kabisa ya magego ya utoto. Wazazi wengi hudhani hilo nalo ni la utoto. Siyo. Hilo ni jino la ukubwani. Likiharibika, halina mrithi.

UVIMBE WA TAYA KWA MTOTO: USINGOJE

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili. Kama kuna mwenzako asiyejua kusoma, msomee.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa kiume mwenye miaka 6. Alisema jino la mtoto limelegea. Nilimwuliza umri, nikacheka kidogo. Nilimwambia, "Bibi, huo ndio umri wake wa kubadilisha meno. Rudi nyumbani, litatoka lenyewe."

Bibi hakuinuka. Alisema, "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Lakini mimi nimelea watoto wanane. Meno ya mbele ndiyo hutangulia. Huyu yanalegea magego ya nyuma, mawili kwa pamoja. Na shavu lake wiki iliyopita halikuwa hivi."

Niliwasha tochi nikatazama tena. Bibi alikuwa amesema kweli. Magego mawili yalikuwa yanaelea kwenye ufizi uliovimba. Hayakuwa yametoboka. Taya lilikuwa limevimba upande mmoja. Mtoto hakulia nilipoligusa, kwa maana halikumwuma sana. Siku hiyo hiyo niliwaandikia barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga. Kutoka huko walipelekwa Bugando, Mwanza. Mtoto alikuwa na saratani ya taya. Alitibiwa kwa dawa kwa miezi kadhaa. Sasa yuko shuleni.

Ningemwacha arudi nyumbani, au ningeng'oa magego yale, tungepoteza siku ambazo mtoto yule hakuwa nazo. Mimi nilikuwa karibu kukosea. Aliyemwokoa ni bibi yake, kwa sababu aliangalia vizuri na hakuogopa kusema.

Saratani hii inaitwa saratani ya Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 katika nchi za Afrika ya Mashariki na Kusini, wakiuliza kila hospitali kama imeona uvimbe huo. Waligundua kwamba unaonekana zaidi katika nchi za joto na mvua, zisizo juu milimani. Baadaye ilifahamika kwamba ndizo nchi zenye malaria nyingi. Mikoa yetu inayozunguka Ziwa Viktoria imo katika eneo hilo.

Saratani hii huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9. Hukua upesi sana. Uvimbe unaweza kuonekana umeongezeka ndani ya siku chache. Lakini ina jambo moja la kutia moyo. Ikiwahiwa, husikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona dalili hizi:

1. Gego la utoto linalegea kabla ya miaka 9, na halijatoboka wala mtoto hakuanguka.
2. Meno mawili au zaidi yanalegea kwa pamoja upande mmoja.
3. Taya au shavu linavimba na kuongezeka siku hadi siku.
4. Jicho la upande huo linasukumwa nje.
5. Tumbo la mtoto linavimba pia.

Usimng'oe meno. Usimchanje. Usimpake dawa kwenye uvimbe na kungoja. Safari kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 160. Ni safari ya siku moja. Kungoja mwezi mmoja nyumbani ni safari ndefu zaidi.

MTU MZIMA NA UGONJWA WA FIZI

Sasa turudi kwa mzee wetu wa mwanzo. Kwa watu wazima, ugonjwa wa fizi ndio sababu kubwa ya meno kulegea. Huanza hivi.

Kila siku utando laini hujishika kwenye meno. Tunauita ukoga. Ndani ya ukoga mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Ukoga usipoondolewa kwa mswaki, hugeuka kuwa mgumu kama jiwe. Huo sasa unaitwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki.

Vijidudu hivyo huudhi ufizi. Ufizi huvimba na kutoa damu. Hapo ugonjwa ni mdogo, na ukisafisha vizuri ufizi hupona kabisa. Lakini ukiacha miaka ipite, ufizi huachana na jino na kufanya mfuko. Ndani ya mfuko huo vijidudu hujificha, na mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo. Mara nyingi hakuna maumivu makali. Ndiyo maana watu hawajui mpaka jino linatikisika.

Ugonjwa huu huzidi kwa watu wanaovuta sigara au kutumia tumbaku na ugoro. Huzidi pia kwa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo mtu mzima ambaye meno yake yanalegea mengi kwa muda mfupi, tena anakojoa sana na kuona kiu sana, yafaa apimwe sukari.

Wanawake wajawazito nao fizi zao huvimba na kutoa damu kwa urahisi. Kuna usemi kwamba kila mimba humnyang'anya mama jino moja. Usemi huo si kweli. Mtoto aliye tumboni halichukui jino la mama. Mama akisafisha meno vizuri na kutibiwa fizi, atazaa na meno yake yatabaki.

MATIBABU NI YAPI?

Mtaalamu atalitikisa jino ili ajue limelegea kiasi gani. Kuna daraja tatu:

Daraja la kwanza: jino linatikisika kidogo tu kwa pembeni, lisizidi milimita 1. Hiyo ni nafasi kati ya mistari midogo miwili ya rula ya mwanafunzi.

Daraja la pili: linatikisika pembeni zaidi ya milimita 1, lakini halizami wala kupanda.

Daraja la tatu: linatikisika pande zote, na ukilibonyeza linazama.

Baada ya hapo, yako matibabu haya:

1. Kuondoa ugaga. Tabibu wa meno hukwangua ugaga juu ya ufizi na chini yake kwa vyombo maalumu. Haya ndiyo matibabu ya kwanza ya ugonjwa wa fizi. Baada ya wiki chache uvimbe hupungua na ufizi hukaza tena. Meno ya daraja la kwanza, na mengi ya daraja la pili, huweza kukaza na kutumika miaka mingi. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, lakini uliobaki unaweza kulishika jino.

2. Kufunga jino. Jino lililolegea hufungwa pamoja na meno ya jirani yaliyo imara, kwa waya mwembamba na gundi maalumu ya meno. Ni kama kufunga nguzo dhaifu kwenye nguzo nzima. Hufanywa zaidi baada ya ajali.

3. Kutibu mzizi. Kama jino limetoboka na lina jipu kwenye mzizi, pengine huweza kusafishwa ndani na kuzibwa. Kazi hii hufanywa na daktari wa meno hospitalini.

4. Kung'oa. Jino la daraja la tatu, au jino lililooza mpaka mzizi, mara nyingi hung'olewa. Hapo kung'oa ni matibabu ya haki.

Je, vidonge vinatosha? Hapana. Watu wengi hununua dawa za kuua vijidudu dukani, wakameza siku mbili na kuacha. Maumivu hupungua, wakadhani wamepona. Lakini ugaga ungali pale pale, na tundu la jino lingali wazi. Dawa hizo zina kazi yake, nazo zitolewe na mtaalamu na zimezwe mpaka ziishe.

Wapo pia wanaoweka mafuta ya taa, ugoro au maji ya betri kwenye jino. Vitu hivi huunguza ufizi. Maji ya betri ni asidi kali, huunguza mpaka mfupa. Usiviweke kabisa.

JINO LIKILEGEA KWA AJALI

Mtoto ameanguka kwenye baiskeli. Kijana amepigwa teke na ng'ombe. Jino la ukubwani limelegea au limetoka lote. Hapa dakika zina thamani.

Kama jino limelegea tu, usilitikise. Mtu aume kitambaa safi taratibu na aende hospitali siku hiyo hiyo. Jino likirudishwa mahali pake na kufungwa kwa wiki 2 hadi 4, laweza kushika.

Kama jino la ukubwani limetoka lote, usilitupe. Fanya hivi:

1. Litafute. Lishike kwenye kichwa chake. Usishike mzizi.
2. Kama lina mchanga, lisuuze kwa maji safi kwa muda mfupi, kama sekunde 10. Usilisugue. Usilikwangue.
3. Lirudishe kwenye shimo lake, upande wa mbele uwe mbele. Mtu aume kitambaa safi ili lisitoke.
4. Kama huwezi kulirudisha, litie katika kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyopoa. Si mtindi, ni maziwa yasiyoganda. Hapa kwetu maziwa hayako mbali. Yakikosekana, jino likae katika mate ya mwenyewe, ndani ya kikombe safi. Usiliache likakauka, wala usilifunge kwenye karatasi.
5. Enda hospitali mbio. Jino likirudishwa kabla ya saa moja kupita, lina nafasi nzuri ya kushika.

Jino la utoto likitoka kwa ajali lisirudishwe. Laweza kuliumiza jino jipya lililo chini.

Usisahau pia sindano ya kuzuia pepopunda kama kidonda kimeingia udongo.

VIJANA WETU WA MACHIMBONI

Vijana wengi wa vijiji vyetu wanakwenda kutafuta dhahabu, wengine Mwakitolyo hapa Shinyanga, wengine Geita. Huko kuna sababu nyingine ya meno kulegea, na wachache wanaijua. Ni zebaki.

Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu. Zebaki hukamata dhahabu na kufanya donge. Kisha huchoma donge hilo. Zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani vizuri, lakini ni sumu. Mtu anayeuvuta siku baada ya siku hupata dalili hizi: mikono kutetemeka, mate mengi kinywani, ladha ya chuma mdomoni, fizi kuvimba na kutoa damu, usingizi kupotea, hasira za haraka, na mwishowe meno kulegea.

Mwaka 2003 wachimbaji wa Rwamagasa, Geita, walipimwa afya zao. Baadhi ya wale waliokuwa wakichoma donge la zebaki walikutwa na dalili za sumu hiyo.

Kwa hiyo kijana akirudi kutoka machimboni na fizi zimevimba, meno yanacheza na mikono inatetemeka, asing'olewe meno na kurudishwa machimboni. Amweleze mtaalamu kazi yake. Dawa ya kwanza ni kuacha kuvuta mvuke huo. Wanaoendelea na kazi wachome katika chombo maalumu kilichofungwa, chenye bomba la kukusanya zebaki. Wasichome ndani ya nyumba wala jikoni. Mvuke hauchagui. Humfikia mama mjamzito na mtoto aliyelala.

IKIBIDI KUNG'OA

Ikiwa mtaalamu ameamua jino ling'olewe, usiogope. Utapigwa sindano ya ganzi. Utasikia kusukumwa, lakini hutasikia maumivu makali. Kabla ya kung'olewa mweleze mtaalamu kama:

– una mimba;
– una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu;
– damu yako huchelewa kukoma ukijikata;
– unatumia dawa yoyote kila siku.

Usione haya. Hayo hayakuzuii kutibiwa. Humsaidia mtaalamu kukutibu kwa salama.

Usikubali kung'olewa kwa koleo la nyumbani. Koleo lililoingia kinywani mwa mtu mwingine bila kuchemshwa ipasavyo laweza kukuletea UKIMWI au homa ya ini. Tena mzizi waweza kuvunjika na kubaki ndani, au taya likavunjika.

Baada ya kung'olewa:

1. Uma pamba uliyopewa kwa dakika 30 bila kufungua mdomo kila mara.
2. Usisukutue wala kutema mate kwa nguvu siku hiyo. Damu iliyoganda ndicho kifuniko cha kidonda.
3. Usivute sigara. Usinywe pombe wala chai ya moto.
4. Siku ya pili anza kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nusu kijiko cha chai katika glasi moja yatosha.
5. Damu ikizidi, uma tena kitambaa safi kwa dakika 30. Isipokoma, rudi ulikotibiwa.

Ukipata homa, uvimbe unaoshuka shingoni, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, enda hospitali usiku huo huo. Usingoje kupambazuke. Watu hufa kwa jipu la jino.

Meno yakiwa yameng'olewa, pengo huweza kuzibwa kwa meno ya bandia. Yapo ya kuvaa na kuvua. Ukiweza, uliza habari zake hospitalini, maana meno ya jirani huinamia penye pengo.

KINGA

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Usiku ni muhimu zaidi.
2. Mswaki wa mti unafaa kama unatumiwa vizuri. Tafuna ncha mpaka iwe laini kama brashi. Sugua taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Sugua nje, ndani na juu.
3. Dawa ya meno yenye floraidi husaidia. Mtoto mdogo atumie kidogo sana na asiimeze.
4. Damu ikitoka kwenye ufizi usiache kupiga mswaki. Wengi huogopa na kuacha, na ugonjwa huzidi. Sugua taratibu kila siku. Isipokoma baada ya wiki mbili, nenda ukaonwe.
5. Kila mtu awe na mswaki wake.
6. Acha tumbaku.

Hapa Shinyanga baadhi ya visima vina floraidi nyingi, na watoto wanaokunywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si ugaga, nayo hayalegezi jino. Usiyakwangue kwa wembe wala kwa mchanga.

MWISHO

Mzee wetu alikwenda kwa tabibu wa meno. Aliondolewa ugaga. Jino moja lilikuwa daraja la tatu, likang'olewa. Mawili yalibaki. Alirudi kuniona baada ya wiki sita. Alisema, "Mwanangu, michembe bado inanishinda. Lakini matobolwa nakula." Nilimwambia hiyo inatosha.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakafanya kazi pamoja. Nanyi fanyeni hivyo. Someni somo hili pamoja, chini ya mwembe au baada ya mkutano wa kijiji. Kisha kila mmoja atazame kinywa cha mtoto wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nguzo ya zizi inafanana vipi na jino?
2. Ukoga na ugaga vinatofautiana vipi?
3. Mtoto wa miaka 6 ana jino la mbele la chini linalotikisika. Mwingine wa miaka 6 ana magego mawili yanayotikisika, na shavu limevimba. Yupi aende hospitali leo? Kwa nini?
4. Jino la ukubwani likitoka kwa ajali, utalibebea ndani ya nini?
5. Katika kijiji chenu, nani huchoma dhahabu nyumbani? Mtamweleza nini?
6. Zahanati au kituo cha afya chenye tabibu wa meno kilicho karibu nanyi kiko wapi? Mtafikaje huko usiku?